Wai-fai Niliyoifunga Msibani

Mimi ni fundi, na aibu hii niliitafuta mwenyewe. Mzee Hamisi wa Lisekese alipofariki, bintiye Zuhura alikuwa Omani na hakuweza kurudi. Nikafunga kamera kwenye kompyuta yangu ndogo ya ukubwa wa kiganja, nikaiweka irushe wai-fai, ili Zuhura aone baba yake akitolewa nyumbani. Picha ilipotokea safi kwenye simu yangu, nikamwambia mjane, “Mama Zuhura, binti yako anatuona. Zungumza naye.”

Alizungumza na kamera huku analia, mpaka jeneza likatoka.

Kumbe wai-fai yangu iliishia palepale uani. Sikuwa nimeiunganisha na intaneti. Niligundua watu waliporudi kutoka makaburini, simu ya mjane ilipoita, akaniomba nimwekee spika.

“Shikamoo, Mama,” alisema Zuhura. “Baba wanamtoa saa ngapi? Nimekaa hapa nasubiri.”