Fundi Marwa na Pikapu ya Mama

Sisi tuliokulia Uriri miaka ya tisini tulijua magari kwa mlio, kama tulivyojua kikohozi cha mwalimu mkuu. Tukiwa tunacheza bano, zile gololi za kioo, kando ya barabara, gari likiwa bado halijatokea konani, mmoja angesema, "Hiyo ni lori ya miwa," mwingine angebisha, na aliyeshindwa alitoa bano moja. Pikapu ya mama yangu peke yake ndiyo ambayo hakuna aliyeibishania. Ilikuwa ya buluu yenye mlango mmoja wa kijani, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ilifika kabla yake. Jina langu ni Atieno, lakini shuleni waliniita Atis Omena. Nililia wiki ya kwanza, halafu nikazoea, maana hao hao waliokuwa wakinicheka ndio waliokimbia nyuma ya pikapu wakiomba wapandishwe mpaka sokoni.

Pikapu ilikuwa ya Baba. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, Mama alitoa ufunguo kwenye msumari ukutani, akaketi penye usukani na kuliwasha gari. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha, likizo moja kwenye uwanja wa shule, sisi watoto tukiwa nyuma tunapiga makofi kila alipobadilisha gia bila kuikwaruza. Siku hizo mwanamke dereva wa pikapu alikuwa kioja. Alipopita sokoni, wauza maharagwe waliacha kupima, wakamsindikiza kwa macho mpaka avuke daraja.

Alikwenda Homa Bay kununua omena na mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, waliovushwa kutoka kisiwa cha Mfangano, akarudi nao Uriri. Siku ya mnada wa ng'ombe aliwapeleka Ogwedhi. Shule zikifungwa, mimi na ndugu zangu wawili tulikwenda naye. Nani leo anaijua raha ile? Tuliketi nyuma juu ya magunia matupu, upepo unatupiga mpaka machozi yanatutoka, mkebe wa nyoyo katikati yetu, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa tangu jana yakiwa matamu kuliko keki yoyote niliyokula ukubwani. Mama aliinama dirishani na kupaza sauti: "Shikilieni chuma, msishikane! Ukimshika mwenzako, akianguka unaanguka naye." Leo mtoto akikaa gari dakika kumi anauliza kama kuna chaja.

Likizo moja nikiwa darasa la sita, pikapu ikaanza kuugua.

Ilikuwa hivi. Mjini ilikimbia vizuri. Tambarare haikuwa na neno. Lakini tukitoka Homa Bay tumebeba samaki, tukianza kupanda kuelekea Rodi, nguvu zilianza kuipungua. Mama alikanyaga mafuta, nayo ikazidi kulegea, ikashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha ikazima. Sisi tulishuka tukasukuma, na mwanzoni tulifurahi, kwani kusukuma gari ulikuwa mchezo kama michezo mingine. Baada ya robo saa hivi, Mama alijaribu tena na ikawaka yenyewe kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Tulikwenda kilomita chache, ikazima tena. Jua lilikuwa kali na mbuta wako nyuma. Mara mbili tulifika Uriri na samaki ambao hata paka wa jirani waliwanusa na kuondoka.

Mama aliipeleka Migori. Fundi wa kwanza alisikiliza injini, akatikisa kichwa, akabadilisha plagi. Wa pili naye alisikiliza, akafungua kabureta na kuisafisha. Wa tatu alisema petroli haipandi kwa nguvu, pampu imechoka, akafunga pampu mpya. Huyo alikaribia kupata, lakini Jumanne iliyofuata tulikuwa tena pale pale kilimani, tunasukuma. Raha ya mchezo ilikuwa imekwisha.

Sokoni walianza kunong'ona kwamba tumetupiwa kitu. Jirani mmoja alikuja hadi jikoni kumshauri Mama atafute mtu wa kulisafisha gari. Mama aligeuza ugali, akasema, "Mchawi gani huyo anayengoja mpaka nifike mlimani?"

Usiku ule, hata hivyo, nilimwona amekaa bila kula.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa Baba Okoth, mdogo wake marehemu Baba. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alitupenda, na tangu tulipoachwa alikuwa akitutengenezea vitu vidogo vidogo: mguu wa meza, bawaba za mlango, na mwaka huo kifuniko cha tangi la petroli chenye kufuli baada ya wezi kutunyonya mafuta. Lakini aliamini gari ni kitu cha mwanamume. Alikuja Jumatano, akaketi, akavua kofia.

"Shemeji," alisema, "hii gari ilimjua ndugu yangu. Wewe haikutaki. Nimepata mtu wa Awendo, atakuja Jumamosi kuichukua."

Sisi watatu tuliokuwa mlangoni tulitazamana. Tulijua bila pikapu hakuna Homa Bay, na bila Homa Bay hakuna karo.

Alhamisi asubuhi Mama alituambia tupande. Hatukwenda Migori. Alisimamisha gari mwisho wa soko la Uriri, kwenye kibanda cha mabati cha Fundi Marwa.

Fundi Marwa alikuwa Mkuria, umri wake kama miaka thelathini na tano, mwembamba, mikono mirefu. Aliugua homa akiwa na miaka kumi, nayo ikaondoka na masikio yake. Alikuwa kiziwi kabisa. Alisema Kiswahili alichojifunza shuleni kabla ya kuugua, kwa sauti kubwa isiyopanda wala kushuka, na alisoma maneno kwenye midomo ya mtu. Kidholuo hakukijua, ndiyo maana sisi watoto wa Uriri tulimwambia kila kitu kwa Kiswahili, polepole, bila kumeza neno. Mwalimu wetu alizoea kusema kama tungeongea darasani tunavyoongea na Marwa, sote tungepasi. Watu walimpelekea baiskeli, pampu za kunyunyizia dawa, vinu vya kusaga. Magari hawakumpelekea. Walisema kiziwi atajuaje injini inasema nini?

Mama alishuka, akasimama mbele yake. Fundi hakufungua boneti. Alifuta mikono, akamtazama Mama usoni na kumwuliza, "Inafanya nini?"

Mama alianza kwa maneno mawili matatu, kama mtu aliyezoea kukatizwa. Fundi alingoja. Mama akaendelea. Alimweleza kilima, kwikwi, robo saa ya kupumzika.

"Inazima mapema siku gani," Fundi akauliza, "ukijaza tangi au likiwa karibu kuisha?"

Mama alifikiri. "Nikijaza," akasema kwa mshangao. "Nikijaza haifiki hata nusu ya kilima. Likiwa karibu kuisha inajikokota mbali kidogo. Nilidhani ni petroli mbaya ya pale ninapojaza."

"Hao wengine uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Fundi alitikisa kichwa, akafungua boneti. Aliuchomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akautia mdomoni mwa chupa ya soda, akachomoa waya mmoja ili injini isiwake, akamwashiria Mama aguse stata. Alihesabu kwa vidole. Kabla ya thelathini chupa ilikuwa imejaa. Aliishika juu, akaitazama kwenye jua.

"Hapa ni mzima," alisema. "Mtu mzima huwezi kumpima ugonjwa. Kesho tuende naye mpaka pale anapougulia."

Ijumaa tulikwenda. Fundi Marwa aliketi mbele na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto katikati ya miguu, chupa yake mfukoni. Alimwomba Mama ajaze tangi mpaka juu na anunue samaki kama kawaida. Nilidhani ni wazimu kununua samaki kwa gari linalojulikana litazima. Mama alinunua.

Tulipoanza kupanda, nilikuwa naomba Mungu pikapu isizime. Sasa naelewa kwamba Fundi alikuwa akiomba izime, na izime vizuri. Kwikwi ikaja. Fundi aliuweka mkono wake bapa juu ya dashibodi, akafumba macho. Alikuwa akiisikia injini kwa kiganja. Ikazima.

Aliruka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akatuvusha sisi watoto upande wa pili wa barabara na kuisogeza ndoo ya mchanga. Mpira kwenye chupa, Mama kwenye stata, vidole vikihesabu. Petroli ilitema mara mbili, ikaanza kudondoka tone kwa tone. Alipofika thelathini, kitako cha chupa hakikuwa kimefunikwa.

"Mnaona?" alituambia kwa sauti yake ile kubwa. "Pampu inavuta. Lakini kuna kitu kinavutana nayo."

Wengine wote walikuwa wameanzia kwenye injini na kuishia hapo. Fundi Marwa alilala chini ya gari, akaifuata njia ya petroli kurudi nyuma, kiganja kikipapasa kila kiungo. Pampu akaiacha. Chujio akaliacha. Alipofika karibu na tangi alisimama, akamwita Mama ainame aone. Kipande cha mpira pale kilikuwa kimenywea, pande mbili zimegusana, kama mrija wa soda unaofyonzwa na mtoto mroho.

Alitoka, akajipangusa vumbi, akaomba ufunguo wa kifuniko cha tangi. Alikifungua polepole. Sisi ng'ambo ya barabara tulisikia *fyuuu*, hewa ikiingia kwa nguvu. Yeye hakusikia chochote. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa tangi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mama Atieno," alisema, "weka mkono hapa."

Mama aliuweka. Tangi lilikuwa likiuvuta mkono wake.

"Petroli ikitoka, lazima hewa iingie badala yake. Hiki kifuniko kimeziba karibu kabisa. Ukijaza, hewa iliyobaki ndani ni kidogo, inaisha upesi. Ukisimama, inapenya polepole, gari inapona. Ukipanda mlima inakunywa sana, inakosa tena."

Alirudisha mpira kwenye chupa. Mama aligusa stata, na chupa ikajaa hata kabla vidole havijafika ishirini na tano.

Mama alikaa kwenye ukingo wa barabara. Alianza kucheka, kisha akafunika uso kwa leso na mabega yakawa yanatikisika, na mdogo wangu akaniuliza kama bado anacheka. Fundi aligeuka akatazama ziwa mpaka Mama alipomaliza. Baadaye alikwenda mbali na gari, akakilaza kifuniko juu ya jiwe, akakitoboa kwa msumari mwembamba. Akabadilisha pia kile kipande cha mpira kilichonywea. Tukapanda kilima chote, tukapita Rodi, tukapita Rongo, sisi nyuma tunaimba kila wimbo wa kanisani tuliojua na mingine isiyo ya kanisani.

Kabla hatujafika nyumbani Mama alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Baba Okoth akija kesho, asicheke mtu. Alikuwa anatusaidia."

Alikuja Jumamosi na yule mtu wa Awendo. Fundi Marwa alikuwepo, anamalizia chai. Mama aliwakaribisha wote, akawamiminia, halafu akasema, "Gari haiuzwi. Imepona."

Baba Okoth aliizunguka pikapu kama askari wa trafiki. Akasimama nyuma. "Nani ametoboa kifuniko changu?"

Fundi alikuwa akimtazama midomo. "Mimi," akajibu.

"Shemeji," Mama akasema taratibu, "kilizuia wezi vizuri sana. Shida ni kwamba kilizuia na hewa."

Tuliuma midomo. Mdogo wangu alishindwa, akakimbilia nyuma ya nyumba. Baba Okoth alielezwa mwanzo hadi mwisho, akauliza maswali mengi kuliko tulivyotarajia. Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha kujitupa kitini. Yule wa Awendo alimaliza chai yake, akauliza kama fundi angeweza kuitazama lori yake, maana nayo ilikuwa na tabia zake. Kuanzia siku hiyo Baba Okoth ndiye aliyekuwa mpiga debe mkubwa wa Fundi Marwa. Mwaka ulipokwisha, mbele ya kibanda cha mabati magari yalisimama mstari, mengine kutoka Migori mjini, yakiletwa na watu wale wale waliouliza kiziwi atajuaje.

Mama aliiendesha pikapu ile mpaka mimi nikamaliza sekondari na mdogo wangu akaingia chuo. Haikuzima tena pale kilimani.

Siku hizi ninaendesha gari dogo lenye taa za kila rangi. Mwezi uliopita moja iliwaka, nikaenda gereji safi yenye sakafu ya vigae. Kijana mpole, mtanashati, mikono haina hata doa la grisi, alichomeka kifaa chini ya usukani, akasoma kioo kidogo, akaniambia, "Ni sensa, mathe." Akabadilisha kidude hicho cha kupimia injini. Taa ikawaka tena. Akabadilisha nyingine. Simlaumu, magari yamebadilika, na kifaa chake kinajua mambo ambayo sisi hatukuyaota. Lakini nilisimama pale nikihisi harufu ya omena ambayo haikuwepo, nikakumbuka miaka ambayo mtu alitumia siku mbili na chupa ya soda ili ajue jambo moja kwa hakika.

Jioni nilimpigia Mama simu, nikamsimulia. Ana magoti mabovu sasa, lakini habari za magari bado humfanya aketi wima.

"Na ulimwambia inafanya nini?" akauliza.

"Hakuniuliza, Mama."

Nilisikia kuku wake, na redio ya jirani.

"Basi, nyathina, mtoto wangu," akasema, "bado hujapata fundi."