Eda ya Hamda

Hamda alikuwa na miaka ishirini na minne alipopanda jahazi Barawa, Januari 1991, yeye na mumewe Mohamud, wakikimbia vita vya Somalia. Jahazi lenyewe lilikuwa dogo, la kubebea mbao, na safari hiyo lilibeba watu zaidi ya arobaini. Siku ya nne, adhuhuri, waliiona bandari waliyokuwa wakiitafuta upande wa Kenya. Waliwaona hata watu wamesimama gatini. Lakini nahodha hakuijua njia ya kuingilia. Chombo kikapanda mwamba, kikalala ubavu, na tanga likawafunika waliokuwa upande wa chini.

Hamda alishika mlingoti mpaka wavuvi wakamfikia. Mara ya mwisho kumwona Mohamud, alikuwa majini, anaogelea kuzunguka tezi, nyuma ya chombo.

Alikaa wiki tatu katika mji ule akiuliza hospitalini, msikitini na kwa wavuvi. Wengine walimwambia kuna watu waliochukuliwa na mkondo wakatokea mbali, wakapelekwa kambini. Akazunguka kambi mbili. Hakumpata.

Mwaka wa 1993 alimfuata binamu yake Ayan hadi Kitengela, wakafungua duka la mashuka na mapazia kando ya barabara ya Namanga. Siku hizo nyumba zilikuwa chache, upepo mwingi, na mvua ikinyesha udongo mweusi ulivua watu viatu. Ayan alipopata nafasi ya kwenda Amerika, alimjazia Hamda fomu pia. Palipoulizwa hali ya ndoa, Hamda alisema aandike ameolewa.

"Wataniuliza mume yuko wapi," Ayan alisema.

"Waambie hatujui."

"Sema mjane, Hamda. Ni neno tu."

"Sijaambiwa amekufa."

Faili lake lilikwama. Ayan akaenda peke yake. Wachumba walikuja, wakarudi walikotoka. Sheikh alimweleza kwamba mke wa mtu aliyepotea anaweza kwenda kwa kadhi akafunguliwa. Alishukuru, na hakwenda. Miaka ikapita hivyo. Kuna siku maneno yote aliyosema kutwa yalikuwa bei za mapazia.

Jirani yake alikuwa Mugure, mama wa Kikuyu aliyeuza nafaka. Mwaka wa 2003 Mugure alienda soko la mifugo Kajiado kununua mbuzi wa ruracio, mahari ya kijana wake. Aliporudi, hakupita kwake kwanza. Alikuja moja kwa moja dukani kwa Hamda.

"Niko na jambo," alisema. "Kule Kajiado nimenunua mbuzi kwa Msomali mmoja, Dubow. Nikamwambia hata mimi niko na rafiki Msomali, aliokolewa kwa bahari. Akaachilia kamba, mbuzi wakatawanyika. Akaniuliza, bwana yake aliitwa Mohamud?"

Kesho yake Hamda alifunga duka.

Alimkuta Dubow kwenye zizi la mwisho, mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina. Alimsimamisha mbali kidogo na wateja.

"Walaal," Dubow alisema, kama Wasomali wanavyoitana ndugu, "mimi sijui kuogelea. Mumeo alikuwa na mtungi wa plastiki, mtupu. Alinipa. Akasema yeye anarudi kukutafuta wewe."

Hamda alimwashiria aendelee.

"Mkondo ulinitupa mbali, kijiji kingine. Yeye alitokea hapo siku ya pili. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika. Jina lake nililisikia majini, wewe ulipokuwa ukiliita."

"Miaka kumi na miwili," Hamda alisema.

"Najua. Nilikuona Kitengela mwaka wa tisini na saba. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikaogopa utaniuliza kwa nini mtungi niliuchukua."

"Ningekuuliza amezikwa wapi. Basi."

Aliondoka bila kumuaga. Jioni alimwendea sheikh, akamwambia anataka kukaa eda.

Sheikh alimhurumia. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, mama, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi. Yako iliisha Mei ya mwaka uleule. Huna unachodaiwa."

Neno hilo lilimuumiza kuliko yote. Alikuwa mjane, akamaliza eda yake, na hakujua. Alirudi dukani, akakata kitambaa cheupe, akajifunga kama wanawake wa kwao wanavyofanya wakifiwa. Akajifungia chumba cha nyuma. Mugure alifungua maduka yote mawili, akivuka huku na huku. Wateja walipouliza mwenye duka yuko wapi, aliwaambia amefiwa. Saa saba alimpelekea chakula, akakaa naye kitandani mpaka mtu aite dukani.

Miezi ilipotimia, Hamda alimtumia Dubow salamu, akamwomba ampeleke. Walisafiri pamoja na mke wa Dubow hadi kile kijiji cha wavuvi. Nyuma ya msikiti palikuwa na makaburi mawili ya watu wa jahazi, mawe matupu, hayana majina. Dubow aliyatazama kwa muda mrefu.

"Nilidhani nitakumbuka," alisema.

"Nenda ukapumzike," Hamda alimwambia.

Akaketi katikati ya hayo mawili, akasoma Yasini. Alipomaliza akaisoma tena, kwa ajili ya yule mwingine.