Gorogoro Iliyogongwa Kitako

Nikisikia bati likigongwa, ko ko ko, mpaka leo huacha ninachofanya nikasikiliza. Huenda ni fundi tu ananyoosha paa la banda la kuku, lakini mimi tayari nimerudi mtaa wa Mbotela, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, msichana wa miaka tisa mlangoni, namtazama mama amepiga magoti uani akigonga gorogoro mpya kwa jiwe.

Kama hukukulia Eastlands, nikueleze. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mafuta yakiisha, unakuwa kipimo cha mahindi, maharagwe, unga. Na hata sisi watoto tulijua muuzaji anayegonga mkebe anatafuta nini: kitako kibonyee ndani, mnunuzi apate kidogo akidhani amepata tele. Mama yangu aliuza unga wa posho nje ya nyumba yetu. Mama huyo huyo aliyenichapa kwa kumwibia jirani kipande cha sukari nguru! Sikumwambia mtu, na jioni ile nilikula ugali nikitazama mikono yake.

Baada ya wiki, jirani yetu Mama Kioko akaja. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na yeye mwenyewe hakujua kunong'ona. Alikuwa amepeleka unga wake bucha, ukapimwa kwa mizani ya nyama, na haukukaribia hata kilo mbili.

"Mama Nekesa," alisema, majirani wakisikia, "mkebe umeandikwa kilo mbili. Zangu zimeenda wapi?"

Nekesa ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua zilikoenda.

Mama alijipangusa unga mikononi, pole pole. "Jana mwanao Kioko alikuwa anakwangua mkebe wenu wa mafuta wa kilo mbili," akasema. "Uoshe, uulete, twende bucha."

Majirani wote wa mstari wetu walitufuata. Mwenye bucha alifuta damu kwenye sahani ya mizani, akatandika gazeti. Kwanza gorogoro ya mama ilijazwa ikasawazishwa kwa rula, unga ukamwagwa gazetini. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na kitu. Watu wakaguna. Kisha unga ule ule ukajazwa kwenye mkebe wa Mama Kioko, ambao haukuwa umeguswa na jiwe la mtu yeyote. Ulipopimwa, mshale ukasimama kwenye uzito mdogo zaidi.

Mama Kioko aliinama akautazama ule mshale, akauliza kama mizani ni nzima kweli.

"Ni nzima," mwenye bucha akajibu. "Hizo kilo mbili ni za mafuta, mama. Unga ni mwepesi."

Watu wazima waliosonga ugali maisha yao yote walibaki wameduwaa, midomo wazi. Mimi niliduwaa kuwashinda. Mama alikuwa ameigeuza gorogoro yake kitako juu, na kitako chenyewe kilikuwa kimetuna nje kama shavu la mtoto anayetafuna. Fundi wa mikebe wa Kariobangi, mama akaeleza, alimuuzia mkebe ukiwa umeshabonyezwa ndani, kwa vile wauzaji wengi ndivyo walivyoupenda. Yeye akakirudisha kitako kwa jiwe, na kwa hasira akapitiliza. Ndiyo maana mkebe wake uliyumba mezani, na ndiyo maana Mama Kioko alikuwa akipata zaidi, si pungufu.

Furaha ilinipanda kichwani. Nilimrukia mama, nikamshika mkono, nikasema kwa sauti, "Kumbe hukuiba!"

Mama aliniangalia. Tulitembea kurudi nyumbani, na mkono wake ukaniachia njiani.

Nilidhani amechoka. Miaka mingi nilidhani hivyo, mpaka nilipopata watoto wangu nikajua mtu anavyowatazama wanawe wakila. Mizani haikumshtua mama siku ile. Hata Mama Kioko hakumshtua, kwani jirani ana haki ya kushuku. Aliyemuumiza ni mimi, niliyekula ugali wake wiki nzima, uso kwa uso, nikingoja ashikwe.