Ulimi wa Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, na mimi namsaidia kumenya na kuosha. Mapishi yake yalikuwa na sifa. Halafu mchuzi ukaanza kuzidi chumvi, kidogo kidogo, hadi wafanyakazi wakawa wanakunywa maji zaidi kuliko wanavyokula. Tukimwambia, anaonja na kukunja uso: "Chumvi iko wapi hapo? Nyie mna lenu jambo."

Msimamizi akamwambia bila kupepesa macho: chumvi ikizidi tena, anahamia kuosha vyombo. Wifi akalia. Mimi damu ilinichemka, maana kumtoa yule jikoni ni kumkata mikono.

Nikampeleka kwa muuguzi wa kiwanda, naye ndiye aliyemuuliza kama anavuta sigara. Wifi alidhani ni siri. Nani hakujua anachofuata nyuma ya stoo?

"Dada, moshi unaua ladha mdomoni na harufu puani," muuguzi akasema. "Mapafu na moyo navyo vinaumia. Ukiacha, ulimi utarudi."

"Na nikihamia ile sigara ya umeme anayovuta mwanangu?" wifi akauliza.

"Hata hiyo ina nikotini. Utakuwa umehama chumba tu, nyumba ni ile ile."

Akaacha. Usiniulize tuliishije. Alifoka, akavunja sahani, akagombana mpaka na mwiko. Wiki hizo zote nilionja mimi. Kisha asubuhi moja akaingia jikoni, akasimama wima. "Wifi, kitunguu kinanukia!" Tukakumbatiana na visu mkononi, wendawazimu wawili.

Siku hiyo akapika maharage na nyama, akaonja mwenyewe, mimi akanikataza. Msimamizi akaja, akachota, akanuna.

"Hakina chumvi. Ongeza."

Mkono wa wifi ukaenda kwenye kopo. Nikajua tumekwisha. Kisha akaurudisha.

"Samahani, bosi. Waonje kwanza wenye njaa yao."

Wakala. Vikasikika vijiko tu. Fundi mitambo akawa wa kwanza kurudi na sahani tupu: "Mama, ongeza hapo!" Nyuma yake wakajipanga wenzake.

Msimamizi alibaki ameshika kijiko. Wifi akamsogelea, akanusa shati lake mbele ya watu wote.

"Bosi, leo umeshavuta ngapi?"

Kantini nzima ikaangua kicheko, mimi nikacheka hadi machozi. Wifi akamwekea chumvi pembeni ya sahani.

"Hii yako peke yako. Sufuria yangu siigusi."