Jina Ambalo Kafedha Hakulitaja

Wako watu hapa Changamwe wanaosema kwamba mkamwana wangu Kafedha, mke wa mwanangu Randu, alimpeleka mtu mwingine akamfanyie mtihani wa Kiingereza. Nimeyasikia kisimani na nimeyasikia nje ya kanisa. Wasemao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwaka wa 1947. Zahanati ya wazazi ilitaka wanawake wanne wa kufunzwa ukunga, na kila anayetaka sharti kwanza azungumze Kiingereza chepesi mbele ya Sista, Mzungu aliyeiongoza: ataje watu wa nyumbani kwake, aeleze kazi zake tangu asubuhi hata jioni. Randu alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu kule Bama, ng'ambo ya bahari, na goti lisilokunjika, na bandarini hawakumtaka tena. Tulikuwa tukiishi kwa makuti tunayoshona mimi na mkewe. Kafedha akianguka mtihani huo, hatukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mimi nilisoma misheni hadi darasa la sita, siku ambazo msichana wa kwetu akifika la pili alitazamwa kama kioja. Kwa hiyo nilimfunza mwenyewe. Kila alasiri tulikaa barazani, makuti mapajani, mimi nikiuliza kwa Kiingereza na yeye akijibu. Akikosea, tunalirudia swali hilo mpaka kuti liishe.

Jirani yetu Nyevu alikuwa akipita na ndoo yake, anasimama kusikiliza.

"Kafedha, ukishapita utatusalimu kwa pua?"

"Nitakupungia mkono tu, Nyevu. Maneno yote yatakuwa yameniishia kwa Sista."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu zilibaki siku tano na liko swali moja tulilokuwa hatujalivuka.

"Mwanao wa kwanza anaitwa nani?"

Kafedha aliinamisha kichwa akavuta ukindu. Mtoto huyo ni Ngowa, amepewa jina la marehemu mume wangu kama ilivyo desturi yetu. Na kwetu mke halitamki jina la bavyaa, baba wa mumewe, hata kama mzee yuko kaburini, hata kama ni jina la mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nyumbani alimwita Babu.

Randu alisema kutoka ndani, "Mama, mruhusu alitaje mara moja tu, mle chumbani. Sista atajuaje desturi zetu?"

"Baba yako alifundisha nusu ya watu wa hapa kusoma," nikamjibu. "Jina lake mke wa mwanawe halichukui mdomoni kwa ajili ya mtihani." Nikamgeukia Kafedha. "Ukiulizwa, sema Babu."

"Na wakiniuliza tena, mama?"

"Sema Babu."

Siku ilipofika nilimsindikiza, nikaketi na wanawake wengine kwenye benchi chini ya dirisha. Ndani alikuwapo Sista, na kando yake karani Elkana, mtu wa bara, ameshika fomu ambayo Randu aliijaza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kafedha alieleza anavyoteka maji, anavyowasha moto, anavyomfunga bandeji mumewe. Aliposita, vidole vyangu vilikuwa vikishona hewa.

Kisha likaja swali la mtoto.

"Babu," akasema.

Elkana akaweka kidole kwenye karatasi. Akaongea Kiswahili, kwa sauti, ili na sisi wa nje tusikie. "Hapa pameandikwa Ngowa. Mama gani hajui jina la mwanawe? Au nyinyi watu wa pwani mmekula nazi mpaka majina yanawateleza?" Kisha akamwambia Sista kwa Kiingereza kwamba mwaka uliopita mwanamke mmoja alimtuma dada yake aliyesoma.

"Wewe ndiwe Kafedha?" Sista akauliza.

"Ndiyo."

"Basi, mwanao anaitwa nani?"

Kafedha akainamisha kichwa kama alivyofanya barazani. Wanawake wa benchi wakanigeukia. Niliinuka kidogo, nikaona kwa dirisha Sista amelaza kalamu juu ya jina la Kafedha, tayari kulikata.

Nikiingia, kila mtu atajua kwamba mjane wa Ngowa alimfunza mtu kusema uongo. Nikikaa, watajua kwamba nyumba ya Ngowa ina mdanganyifu. Niliingia chumbani nikasema kwa Kiingereza, "Mimi ndiye niliyemfunza aseme hivyo. Mtoto ni Ngowa, na Ngowa ni jina la mume wangu. Nilimkataza kulitaja."

"Kwa nini?"

Nikafungua kinywa. Sista akainua mkono. "Si wewe. Yeye."

Kafedha alisimama. Alichosema sikumfunza mimi. Alikisema vipande vipande, makosa yamo tele, na jasho likimtoka.

"Huyu mama wa mume wangu. Baba wa mume wangu amekufa. Jina lake, jina la mtoto wangu. Mimi sisemi. Ni heshima. Lakini mtoto namjua. Nilimzaa Jumapili. Mvua kubwa. Mkunga hakuja."

Sista akaiweka kalamu chini. "Hakuja? Nani alikata kitovu?"

"Huyu mama."

"Kwa kitu gani?" akauliza, na Kafedha akamweleza wembe, na maji tuliyochemsha, na uzi. Sista aliuliza, naye akajibu, mpaka waliokuwa wakingoja wakaanza kuguna. Elkana alikiondoa kidole chake kwenye karatasi polepole.

Kafedha alichukuliwa, wa tatu katika wale wanne.

Njiani nilimwambia kwamba kama kazi itamlazimu, nampa ruhusa alitaje. Tulikuwa tukivuka reli alipojibu.

"Ahsante, mama. Nitaliandika. Kulitamka, hapana."

Na hajalitamka hadi leo. Basi wanaosema kwamba mtu mwingine aliingia chumba kile siku ya mtihani wa Kafedha wamesema kweli. Waongeze tu kwamba mtu huyo ni mimi, na kwamba nilinyamazishwa.