Kusukumwa Kule Muyinga

Niliposhika nafasi ya thelathini na moja kwenye mbio za baiskeli, baba aliniuliza kama wale thelathini waliotangulia walikuwa na miguu mitatu. Alikuwa kwenye cherehani yake, kibandani kwetu Magarama, pini mdomoni, wala hakuinua uso. Nikamwambia mwenzetu wa timu ameshinda.

"Ameshinda yeye. We umefanya nini?"

Eti nimefanya nini! Damu ilinichemka. Nilikuwa nimekata upepo tangu asubuhi ili huyo mwenzetu, mwenye mbio za mwisho, ajifiche mgongoni mwangu, miguu yake isichoke. Wapinzani wakichomoka, mimi ndiye niliyewafukuza. Kazi yangu ni kuchoka. Nikichoka vizuri, yeye anashinda, na ushindi ni wetu sote watano. Nilimpangia baba vifungo juu ya meza: hiki mimi, hiki yeye, hivi wapinzani. Akavitazama, akakiokota kile kilichokuwa mimi, akakishona kwenye shati la mteja.

Mbio zilizofuata zilikuwa za kutoka Gitega hadi Muyinga, na baba akatoa sharti lake. "Mi nitakungojea kule kule. Jina lako likisomwa kati ya ishirini wa kwanza, sawa. Lisiposomwa, hiyo velo, hiyo baiskeli yako, mjomba wako atabebea vitambaa Bukirasazi."

Siku hiyo miguu iliitika, wallahi. Tulipoingia upande wa Muyinga nilikuwa wa tano, na mwenzetu yuko nyuma yangu. Hapo gurudumu lake la mbele likapasuka. Gari la timu lilikuwa mbali nyuma. Nikashuka, nikang'oa gurudumu langu, nikampa. Hakusema hata asante, na hakutakiwa kusema, alitakiwa kuondoka. Nikabaki pembeni na velo ya gurudumu moja, akina mama waliotoka Mwakiro kutazama wakinionea huruma, na watu wakinipita makundi kwa makundi. Nilijua vizuri ninachopoteza. Ningempa tena.

Gari lilipofika nikawekewa gurudumu jingine, nikakimbiza kwa hasira tupu, nikiwapita mmoja mmoja. Kwenye mlima wa mwisho mtu akanipigia kelele kwamba niko wa kumi na tisa. Macho yalikuwa yameanza kuingia giza. Na pale pale mlimani, na kofia yake nyeupe, amesimama baba.

Kwetu, ukikuta baiskeli ya mizigo imelemewa mlimani, unaweka mkono nyuma unasukuma, hata kama mwenyewe humjui. Kumpita tu ni kukosa adabu. Sasa baba anamwona binti yake mwenyewe anayumba, angefanyaje? Alitupa koti, akaja mbio na makobazi yake, akanitia mkono mgongoni.

"Twende, mama! Twende!"

"Baba, acha! Niache!"

Aache wapi! Alinisukuma mpaka juu, na watu wakashangilia. Mwamuzi naye akatoa kalamu, akanifuta kwenye orodha ya mbio.

Mwenzetu alishinda. Majina ishirini yalisomwa, langu halimo. Baba alifika akihema, tayari kugombana, na mwenzetu akaja na gurudumu langu mkononi, akamweleza lilikotoka, na watu wakapiga makofi. Baba akamgeukia mwamuzi.

"Huyu ametoa gurudumu nzima, mumepiga makofi. Mi nimetoa mkono tu, njo kosa?"

"Mzee, wale ni ekipe moja, timu moja. We hauko ndani ya ekipe."

Baba akaniangalia. "Ulikuwa wa ngapi wakati unalitoa?"

"Wa tano."

Akalitazama lile gurudumu. Sikuwahi kumjibu baba maishani mwangu, lakini siku ile nilimjibu mbele za watu. "Nisamehe, baba, ila velo hii haiendi Bukirasazi. Wasome jina langu, wasilisome, kazi nimeifanya. Na nitaifanya tena, hata unifukuze nyumbani."

Baba alirudi mlimani kuokota koti lake. Nyumbani hakuligusia jambo hilo, na mjomba alipokuja kuiulizia velo, baba alimwambia atafute yake.

Mwezi uliofuata tulishindana Gitega. Nilikuwa mbele ya kundi, nakata upepo, mwenzetu yuko mgongoni, pumzi zinakaribia kunikatika, nilipomwona baba katikati ya mlima. Amevaa jezi ya timu yetu, rangi zile zile, ameishona mwenyewe kwa kitambaa cha mashati na kuitia vifungo mbele. Mikono ameifunga nyuma, ameikaza kweli kweli, isije ikamponyoka. Akapaza sauti mpaka kofia ikadondoka:

"Choka, mama! Choka vizuri!"