Walivyomyeyusha Kaisari wa Baba

Nawataja waliofanya: kaka yangu wa tumbo moja, mzee wa kanisa wa hapa Kibondo, na yule tapeli wa Kasulu aliyejiita mtaalamu. Majina yao siandiki, yatachafua karatasi.

Baba alikuwa mpishi wa padri kule Burundi. Padri alipoondoka alimwachia sarafu mbili za fedha za Warumi wa kale. Upande mmoja kichwa cha Kaisari na taji la majani, upande wa pili mungu wao wa kike mwenye mabawa. Tulipokimbia, baba alivuka nazo mpaka wa Mabamba amezitia kinywani. Sasa ni kipofu. Kila mchana alikaa kibarazani akizipapasa kwa kidole gumba, pua, taji, bawa, na hapo ndipo maneno yalipomtoka akatusimulia mambo ya kwao. Bila zile sarafu anakaa kama gogo.

Mtaalamu alikuja na bodaboda, na punje za mchele kwenye kifuniko cha soda. Eti rupia ya Mjerumani, ile ambayo watu wa huku wanaichimbia mashimo kila kona, ikiwa ya kweli inafukuza mchele. Akaiweka sarafu moja ya baba. Tukainama wote. Mchele ukatulia kama mchele.

"Feki," akasema.

"Hizi si za Mjerumani," nikamwambia. "Ni za Kirumi. Zimemzidi umri Mjerumani na babu yake."

"Dada, umeishia darasa la ngapi?"

"La tatu. Na wewe?"

Mzee wa kanisa akageuza sarafu, akamwona yule wa mabawa, nguo imemshuka kifuani. "Hii ni sanamu. Haifai kukaa nyumba ya Mkristo. Ichomwe."

Kaka akaitikia amina, yeye ambaye kanisani anaonekana siku ya pilau tu.

Zikachomwa kweli, kwa sonara wa Kasulu. Wiki mbili baadaye mzee wa kanisa alisimama kutuhubiria habari za sanamu, pete mpya ya fedha kidoleni. Mungu wa Warumi alimtisha, fedha yake haikumtisha.

Baba akaziulizia. Kaka, mtu mzima na ndevu zake, akamwekea kiganjani sarafu mbili za shilingi mia. "Data," akamwita baba kwa Kirundi, "pokea wafalme wako."

Baba akapapasa. Akakuta pua. Taji akalitafuta, hakuna. Akageuza, akakuta wanyama wa porini.

"Huyu simfahamu," akasema. "Chukua, mwanangu, ukanunue kiberiti."

Kaka akazichukua, akazitia mfukoni.